Sampuli Isiyo na Namba

Tauno alirudi kutoka hospitali ya Joensuu
na kiberiti kitupu mfukoni, kisicho kitupu.
Akakiweka mezani pangu,
kati ya msumeno wa almasi na kopo la gundi:
"Aune, nalo hili lipime.
Mgodi mmeufunga, mimi bado nazalisha."

Lilikuwa kama njegere, la kahawia, lina miiba.

Miaka ishirini na sita aliyavunja mawe chini ya mji huu,
shaba ikimwachia ukijani kwenye kucha,
na hakuna hata moja lililomtoa chozi.
Hili la njegere lilimpigisha magoti kwenye theluji
mbele ya duka la mikate,
akamwita mama yake, marehemu, kwa jina.

Mimi hukata mawe ya watu.
Huja mifukoni, yana namba,
yana kina, tarehe, sahihi ya mtu nisiyemjua.
Nayakata, nayabandika kwenye kioo, nayasaga
kwa unga mkali, kisha laini, kisha laini zaidi,
mpaka jiwe lisahau uzito wake
na mwanga upite kama kwenye ganda la kitunguu.
Mikroni thelathini.
Pungufu kidogo, limekwenda na maji.
Zaidi kidogo, linakudanganya rangi.

Shahidi wa unene ni kwatzi.
Ikiwa nene bado, chini ya hadubini huwa manjano ya siagi;
ikifika, hugeuka kijivu,
kijivu cha asubuhi ya Novemba.
Lakini jiwe la mwilini halina kwatzi.

Nikafungua droo ya chini,
nikatoa kipande cha mwamba wa mgodini
alichoniletea mwaka ule hana pesa ya pete.
Nikamega punje,
nikaibandika kando ya njegere, kioo kimoja.
Nikasaga kwa mafuta, si kwa maji,
maana kilichozaliwa kwenye mkojo wa mtu
sikujua kingeyapokeaje maji ya bomba.

Iivari alikwenda nyumbani
akaiacha mashine ya eksirei ikinguruma.
Ingenitajia jina la madini yale kabla kahawa haijapoa.
Sikuiuliza.
Nilisaga nikatazama, nikasaga nikatazama.
Manjano.
Manjano iliyopauka.
Nyeupe.
Kijivu. Nikaondoa mkono.

Vichujio viwili vikikingamana, hadubini huwa giza tupu;
hupenya tu kile chenye mpango ndani yake.
Na njegere ilikuwa na mpango.
Nyuzi zimetoka kitovuni kama miali,
pete juu ya pete, waridi, kijani cha maji, lulu,
na katikati msalaba mweusi.
Nikaizungusha meza ya hadubini, digrii kumi, arobaini, tisini:
jiwe likazunguka, msalaba ukabaki palepale.

Nilihesabu pete hadi kumi na tisa, nikapotea.
Moja ni nene, nyeusi kuliko zote.
Ningependa kusema huo ndio mwaka wa kufungwa mgodi,
alipokaa jikoni miezi mitano
hanywi kitu ila kahawa, hasemi kitu ila "ndiyo".
Lakini mimi ni fundi wa mawe, sipigi ramli.
Pete haina tarehe.

Kwenye lebo, mahali pa kisima, niliandika: Tauno.
Mahali pa kina sikuandika.

Asubuhi alikuja, akavua kofia kama aingiaye kanisani,
akainama, jicho moja amelifumba kwa nguvu isiyohitajika.
Alikaa hivyo muda mrefu.
"Hili ndilo lililotaka kuniua?"
"Ndilo."
"Mbona limejipamba hivi."
Akasogeza kioo kwa kidole kinene, taratibu,
kama mtu anayesukuma mlango wa chumba cha mtoto.
"Na hiki cha kijivu, hapa pembeni?"

Nikamjazia glasi ya maji.
Lita tatu kwa siku, daktari alisema.
Nikasimama pale mpaka akaimaliza.